Mwongozaji wa Akiba

Fresno, 21 Januari 1963

Mdogo wangu Hrant,

Amani ya Bwana ikae nawe na chini ya paa lako. Sisi huku tu wazima kwa rehema zake. Shemeji yako Araksi bado anasumbuliwa na goti, lakini ukimwambia akae anakujibu kwamba atakaa akizikwa. Wakulima wanapogoa mizabibu. Ukungu umetanda juma zima, hata kutoka barazani kwangu sikioni kanisa, nami husikia tu watu wakikohoa njiani wakija ibadani.

Nimeona picha yako gazetini, na chini yake jina lile walilokupa huko, Grant Ashton, ambalo miaka yote hii halijanikaa mdomoni. Wanaandika kwamba mwezi Aprili chama cha watu wa filamu kitakutunuku sanamu ya heshima kwa kazi ya maisha yako yote. Wameyataja yote: ulivyoanza kwa kuanguka kutoka juu ya farasi kwa niaba ya waigizaji wakubwa, ulivyocheza majambazi na maofisa wa Kituruki (mama, Mungu amrehemu, aliilaani sare ile hadi siku yake ya mwisho), kisha wapenzi, kisha majaji, ulivyoingia nyuma ya kamera ukawa mwongozaji, na tuzo mbili ulizopata humo. Nilisoma kwa sauti ili Araksi asikie. Nilipofika mwisho nikalikunja gazeti. Hrant, nimesimamia mazishi mengi kuliko harusi, na uandishi ule naujua. Ndivyo tunavyomsema mtu asiyeweza tena kutujibu. Kwa nini wanakusomea wewe ungali hai?

Sijaisahau sikukuu yetu ya Kuzaliwa kwa Bwana, tarehe sita mwezi huu. Wewe ndiwe uliyekuwa baba wa msalaba mwaka huu. Ulipoutoa msalaba katika maji ya baraka, mikono yako ilitetemeka. Baadaye nilikukuta sakafuni katika chumba cha mavazi, midomo ikiwa na rangi ya majivu, nami nikakuita mara nyingi kabla hujafumbua macho. Ukasema, "Nimeteleza tu, kaka. Maji yamemwagika." Sakafu ilikuwa kavu.

Hakuna mwingine aliyeona. Niandikie upesi, na uniandikie kweli.

Ndugu yako,
Mesrop, padri


Hollywood, 16 Februari 1963

Kaka mpendwa, Der Mesrop,

Naubusu mkono wako wa kuume, kama ipasavyo kwa Der, padri wetu. Mwambie Araksi nimeota mara mbili ile supu yake ya mtindi, na mara zote mbili aliniamsha kabla sijapewa kijiko. Hapa kwangu milimau imezaa hadi matawi yanagusa chini. Unisamehe kuchelewa, tumeanza kurekodi filamu mpya, na kazi ikianza mtu hana baba wala mama.

Sanamu ile isikutie hofu. Huku wazee hupewa sanamu kama kwenu wanavyopewa kiti cha mbele kanisani. Ni kweli waigizaji wana utani wao. Juzi mmoja alinipigia kelele mbele ya watu, "Grant, hongera! Fundi wa majeneza ameshakuja kukupima?" Nikamjibu, "Amekuja, akasema nisubiri, anamalizia lako." Tukacheka. Ndivyo tulivyo.

Unakumbuka mama alipopelekwa sinema kwa mara ya kwanza, kuniona? Jambazi alinijia na kisu, mama akasimama katikati ya ukumbi akapaza sauti kwa Kiarmenia, "Hrant! Nyuma yako, mwanangu! Nyuma yako!" Ukumbi mzima ukageuka, nawe ukavuta kofia hadi puani.

Kuhusu afya, daktari wa kampuni ya bima alinipima kabla kazi haijaanza. Amesema mimi ni mzima kama farasi. Kwa hiyo lile la sakafu liache lipite, wala usimtajie mtu. Naweka humu picha tuliyopigwa kazini, ili uone sijakonda.

Mdogo wako,
Hrant


Fresno, 4 Machi 1963

Mdogo wangu Hrant,

Neema na amani. Tumeingia katika Kwaresima. Pazia limefungwa mbele ya madhabahu, na Araksi amezifungia siagi na jibini kana kwamba mimi ni mwizi. Ukungu umeondoka, lakini goti lake bado.

Picha nimeitazama kwa siku kadhaa. Umeketi kitini, mkono umeuinua, unawaonyesha waigizaji jambo. Hujakonda, ni kweli. Lakini nyuma yako kuna kiti kingine, na katika kiti hicho kuna kijana mwenye koti lililofungwa vifungo vyote. Kila mtu pichani anawatazama waigizaji. Yeye anatazama kisogo chako. Sauti ya mama ilinijia masikioni, tena si kwa kuchekesha.

Araksi alinishinda. Alisema, "Wewe unaona mashetani kila mahali. Huyo ni msaidizi wake. Mtazame alivyokonda, hawamlishi!" Unajua desturi yetu: anayemtunza mtu wetu, sisi humlisha. Alifunga sanduku, nyama iliyokaushwa kwa viungo, mkate mwembamba wa lavash na matunda ya aprikoti, akalituma studio kwa kijana anayekaa nyuma ya Bwana Ashton.

Jana kijana huyo alipiga simu.

"Shikamoo, Baba. Naitwa Warren Lisk. Sanduku limefika. Hiyo nyama, jamani, nimekula mpaka nikaona aibu."

Araksi akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambie aikaange na mayai!"

Nikamuuliza, "Wewe ndiye unayemtunza ndugu yangu?"

Akasema, "Kwa namna fulani, Baba."

"Basi usimwache apande ngazi, wala asikae juani. Tangu alipoanguka hapa kwangu Januari, sina amani."

Hapo alinyamaza sana, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza polepole, "Alianguka?"

"Alizimia, mwanangu. Hukuambiwa?"

"Asante kwa nyama, Baba," akasema, akakata.

Mtu aliyewekwa kumtunza mzee hashtuki hivyo. Hrant, huyu aliye nyuma yako ni nani?

Mesrop


Hollywood, 8 Machi 1963

Kaka,

Salamu kwa nyumba nzima. Leo sina maneno ya kupamba.

Umefanya nini? Nilikuomba usimtajie mtu, ukamtajia yule mmoja asiyepaswa kusikia.

Huku filamu haianzi bila bima. Mwongozaji akifa katikati ya kazi, fedha yote imepotea. Kwa hiyo mzee wa miaka yangu hawamkubali mpaka awekewe mwongozaji wa akiba. Ndiye Lisk. Analipwa ili akae nyuma yangu kila siku, ajue ninachofanya, na nikianguka asubuhi, yeye aendelee mchana. Hanisaidii kitu, wala hanizuii kitu. Ananisubiri. Nikikohoa, nasikia kalamu yake ikisimama.

Yule daktari wa bima nilimdanganya. Nilimeza dawa kabla, nikapanda ngazi zake nikiimba, nikamtania muuguzi wake. Katika miaka yangu yote ya kuigiza sijafanya kazi bora kuliko ile. Moyo wangu, kaka, umechoka. Daktari wangu mwenyewe ameniambia niache leo. Nimekataa.

Juzi Lisk alikuja kwenye gari langu na kipande cha lavash mkononi.

"Mzee, shemeji yako anajua kupika."

"Kaka yangu amekuambia nini?"

"Kwamba nisikuache upande ngazi."

"Nawe utamwambia nani?"

"Sijui!" Akakivunja kile kipande cha lavash. "Nikisema, kesho filamu ni yangu, na kila mtu ataniita fisi. Nisiposema ukafa, watasema nilijua nikakaa kimya. Mmeniweka pabaya, mzee, wewe na hiyo nyama yenu."

Pruitt, mtayarishaji wetu, akipata habari, nitakuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Na hujaniuliza filamu yenyewe inahusu nini. Wamenibadilisha jina, pua na hata namna ya kusema. Hii ni ya kwanza wanayoniachia yenye watu wetu. Ni mama. Ni mama akivuka jangwa, Waturuki walipotufukuza kwetu, na cherehani mgongoni na watoto wake mkononi. Onyesho la mwisho ni lile la mawe, alipomfukia dada yetu Nvard kando ya njia. Halijarekodiwa. Nani atalirekodi, Lisk?

Sasa nisikilize. Haya nimekuandikia si kama ndugu bali kama mwumini kwa padri wake. Ni ungamo. Lipokee, na ulifunge kama sheria ya kanisa inavyokuamuru.

Hrant


Fresno, 15 Machi 1963

Mdogo wangu Hrant,

Bwana akulinde kila uingiapo na kila utokapo. Araksi amebadilika tangu barua yako ifike. Anapita karibu na simu kama mtu apitaye karibu na mbwa aliyefungwa. Mimi naye hatupishani. Kila inapolia, tunatazamana nani ainue.

Nakuomba radhi kwa sanduku na kwa ulimi wangu. Lakini hilo ulilonitaka sikupi. Ungamo halitiwi stempu. Anayeungama huja kwa miguu yake, hupiga magoti, husema dhambi zake kwa kuzijutia na kwa nia ya kuziacha. Wewe hujutii, Hrant. Umekuja na kamba mkononi ili uufunge ulimi wangu, na kamba yenyewe umeichukua madhabahuni. Sitamruhusu mtu yeyote afanye hivyo, na wewe kuliko wote, kwa kuwa nakupenda.

Njoo. Shika gari moshi, njoo kabla ya Pasaka, upige magoti kama kila mtu. Hapo nitakusikiliza, na nitakayoyasikia yatazikwa nami. Lakini ujue kwamba ukiondoka tena kwenda kwa mtu yule na kiti chake, sitakuwa na usingizi. Naogopa kusema, nife nikijua nimekupokonya kazi yako. Naogopa kunyamaza, niitwe kukusomea ibada. Nimezeeka nikiwafundisha watu wasiogope, nami sasa naogopa kengele ya simu.

Kuhusu Nvard sina neno. Nilipoliona jina lake kwa mwandiko wako, niliikunja barua, nikaifungua tena usiku.

Njoo.

Mesrop


Hollywood, 10 Aprili 1963

Kaka mpendwa, Der Mesrop,

Naubusu mkono wako. Najua umechukia kwamba heshima yenyewe ilinipata Jumatatu ya Wiki Kuu, watu wakiwa wamevaa almasi. Sijui kama ulitazama kwenye televisheni. Kama hukutazama, nitakuambia mwenyewe, usije ukaambiwa na wengine.

Walizima taa wakaonyesha vipande vya kazi zangu tangu mwanzo. Aliyevichagua alidhani amefanya jambo la busara: alichagua vifo vyangu. Nilianguka kutoka kwenye farasi. Nilichomwa kisu. Nilipigwa risasi juu ya meli, nikanyongwa, nikafa kitandani nikiwa jaji mwenye ndevu nyeupe. Baada ya kila kifo watu walipiga makofi. Nilisimama gizani pembeni ya jukwaa nikijitazama nikifa na kufa, na kifuani mwangu mtu akawa ananyonga kitambaa.

Waliponiita nilitembea. Nilifika kwenye ile meza ndogo ya maikrofoni nikaishika kwa mikono miwili, maana sakafu ilikuwa ikinikimbia. Sikusema hotuba niliyoitunga. Nilisema "Asanteni" tu, nikabaki nimeishika meza. Ukumbi mzima ukasimama, wakidhani nalia kwa furaha. Lisk alikuwa nyuma ya pazia amefumba macho.

Pruitt alinipiga begani. "Grant, umewaliza wote! Yale machozi yalikuwa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa," nikamwambia.

Kwenye safu ya tatu alikuwapo bwana wa kampuni ya bima. Yeye hakupiga makofi. Alikuwa akiitazama mikono yangu.

Nitakuja Jumamosi. Nitapiga magoti, na safari hii sitaleta kamba. Lakini baada ya Pasaka nitarudi kazini, nawe hutanizuia. Onyesho la mawe limepangwa mwezi Mei, jangwani.

Hrant


Fresno, 2 Mei 1963

Mdogo wangu Hrant,

Bwana aliyefufuka akupe nguvu ya kuisoma barua hii hadi mwisho. Mizabibu imetoa majani. Araksi ni mzima, na analia.

Jana, saa ya kukanda mkate, simu ililia. Niliinua mimi.

"Padri Tashjian? Samahani kwa usumbufu. Nazungumza kutoka kampuni ya bima. Tulimwona kaka yako jukwaani."

"Ni mdogo wangu."

"Samahani. Mdogo wako. Tumemuuliza Lisk, akagoma kabisa. Kasema, 'Mimi msiniulize, muulizeni padri.' Basi nakuuliza, Baba. Ni mgonjwa?"

Araksi alisimama mlangoni, mikono yake imejaa unga, akitikisa kichwa. Sijui alikuwa akiniambia nisiseme au nisinyamaze. Sikumuuliza na sitamuuliza.

Yale uliyoniambia Jumamosi Kuu ukiwa umepiga magoti, sijayagusa. Hayamo katika barua hii, wala hayakuwamo kinywani mwangu jana. Nilitaka kujificha ndani yake. Nilijiambia: wewe ni padri, sema kwamba huwezi kusema, uweke simu chini, uende zako ukasali. Kisha nikakumbuka kwamba ile sakafu kavu sikuisikia katika ungamo. Niliiona kwa macho yangu miezi mitatu kabla hujapiga magoti. Muhuri wa ungamo haukuifunika. Padri hakuhusika. Aliyeulizwa alikuwa ndugu tu.

Nikasema, "Tarehe sita Januari alizimia kanisani kwangu. Niliyemwinua ni mimi."

Akasema, "Asante, Baba. Umefanya jambo jema."

Nilimwomba asiniambie hivyo, nikaweka simu chini.

Kuhusu Nvard nilikuambia sina neno. Ninalo. Mama alipomaliza kuyapanga mawe, wewe ulitaka kurudi ukae naye. Ulikuwa mdogo, ulidhani amelala. Nilikushika mkono nikakuvuta. Uliniuma hapa, chini ya kidole gumba, hadi damu ikatoka. Sikukuachia. Sijui kama nilitenda kwa upendo au kwa hofu. Wala jana sikujua. Nimewauliza mababa wa kanisa katika vitabu vyao vyote nilivyo navyo, na hakuna aliyenijibu.

Usiku na mchana naomba usinichukie. Lakini sikulaumu ukinichukia.

Mesrop


Hollywood, 30 Juni 1963

Mesrop,

Watu wa bima walikuja siku moja baada ya kukupigia simu, sijamaliza chai. Pruitt alinikumbatia mbele ya watu wote huku akinisukuma kwenye gari.

Lisk ndiye aliyelirekodi onyesho la mawe. Sikumwita, alikuja mwenyewe kunionyesha, kofia mkononi. Kazi yake si mbaya. Amemfanya mama alie, apige kelele, ajitupe juu ya mawe. Nikamwambia, "Hakulia. Aliyapanga kama anayepanga vyombo kabatini, akafunga cherehani mgongoni, akasema twendeni."

Akaniambia, "Mzee, nani angeamini?"

Wewe unajua hivyo, na mimi najua. Hakuna wa tatu atakayejua.

Daktari ananipa dawa na chakula kisicho na chumvi. Nimemuuliza ni miaka au ni miezi, akaanza kunisifia sanamu yangu. Barua zako zote za Mei na Juni ziko hapa. Nimefungua moja tu.

Naamka saa ya kazi, navaa, natafuta viatu, kisha nakumbuka. Hapo ndipo hofu inaponishika. Nilipokuwa na kamera, na mtu nyuma yangu, sikuwahi kuogopa namna hii. Sasa nyuma yangu hakuna mtu. Nageuka kutazama, nyumba ni tupu, milimau imeanza kukauka kwa kuwa simwagilii.

Sijakusamehe. Usiniombe tena, maana utanifanya niseme uongo.

Njoo unichukue.

Hrant